Mtoto Anadaiwa Nini?

"Haki na wajibu vinakwenda pamoja." Kauli hii nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Hivi karibuni niliisikia tena katika kikao cha wazazi, na safari hii ilinikera kiasi cha kunitia kalamu mkononi. Dada yangu ana binti wa darasa la sita. Asubuhi moja binti huyo alichelewa namba, na mwalimu wa zamu akamchapa viboko sita pale getini. Alichelewa kwa sababu maji, yaliyokuwa hayatoki mtaani kwao kwa siku kadhaa, yalitoka alfajiri ile, na nyumbani yeye ndiye mwenye nguvu za kubeba ndoo. Kikaoni dada yangu hakufoka. Alisimama, akasalimia, akakumbusha kwamba nchi hii imeridhia mikataba inayomlinda mtoto dhidi ya ukatili, kisha akaomba aelezwe viboko sita vimetoka wapi.

Mwenyekiti wa kamati ya shule alimjibu kwa upole: "Mama, tunakuheshimu sana. Lakini haki na wajibu vinakwenda pamoja. Mwanao atimize wajibu wake kwanza, ndipo tuzungumze haki zake." Ukumbi ukapiga makofi.

Yale makofi yaliniuma kuliko viboko. Mwalimu aliyechapa huenda alikuwa na hasira, au uchovu, au deni la mkopo linalomkosesha usingizi. Lakini wazazi wale walipiga makofi wakiwa wametulia, wameketi, wamefikiri. Hakuna aliyemchukia mtoto. Walidhani wamesikia hekima. Nataka kuipima hekima hiyo, na nakiri mapema kwamba sitaipima kwa upole.

Fasili nazipitia haraka. Mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mkataba wa kimataifa ni makubaliano ya maandishi baina ya dola, na kuridhia ni dola kukubali kufungwa nayo. Haki ni kitu ambacho mtu anaweza kukidai bila kuomba fadhila. Kila moja ya fasili hizi imezua ugomvi wa vitabu vizima, na ugomvi huo nawaachia wenye nafasi.

Mikataba yenyewe inajulikana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, na Tanzania ikauridhia mwaka 1991. Hakuna mkataba wa haki za binadamu ulioridhiwa na nchi nyingi kuliko huo: wanachama wote wa Umoja wa Mataifa wamo, isipokuwa Marekani. Ibara yake ya 19 inaitaka dola imlinde mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, na ibara ya 28 inataka nidhamu ya shule iendeshwe kwa namna isiyovunja utu wake. Afrika nayo ilijitungia wake, Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, uliopitishwa Julai 1990 na kuanza kutumika Novemba 1999. Tanzania iliuridhia mwaka 2003. Ibara yake ya 11 inasema karibu hayohayo kuhusu nidhamu, mzazi na mwalimu. Kwa hiyo dada yangu hakuwa akibuni.

Turudi kwa mwenyekiti. Kauli yake ina nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo inayoipa nguvu ya kudanganya. Ni kweli kwamba haki haiji peke yake. Nikiwa na haki ya kulipwa mshahara, lazima yuko mtu mwenye wajibu wa kunilipa. Asipokuwapo, haki yangu ni maneno matupu. Lakini tazama wajibu huo uko kwa nani. Uko kwa mwajiri. Vivyo hivyo haki ya mtoto ya kutopigwa inakwenda na wajibu, naam, ila ni wajibu wa mwalimu, wa mzazi na wa serikali. Mwenyekiti aliutoa wajibu kwa mkubwa akaubandika kwa mdogo, tena kwa sauti ya upole hivi kwamba ukumbi mzima haukuuona mkono ukihama.

Baada ya kuuhamisha, aliongeza neno "kwanza". Hapo haki imekuwa bidhaa ya dukani kwa Mangi: lipa kwanza, ndipo upewe. Nasema biashara hiyo haiwezi kuwa msingi wa haki za mtoto, na ushahidi ni mtoto mchanga. Mtoto wa siku tatu hajatimiza wajibu wowote duniani. Amelia, amenyonya, amelala. Hata hivyo hakuna mzazi katika ukumbi ule ambaye angekubali mtoto huyo anyimwe maziwa mpaka aonyeshe mchango wake kwa familia. Basi ipo haki iliyotangulia wajibu, na sote tunaijua. Inafuata kwamba kauli ya mwenyekiti, kama sheria ya jumla, imeanguka.

Watetezi wake wana jibu: mtoto mchanga hajui lolote, lakini huyu wa darasa la sita anajua jema na baya, kwa hiyo hesabu yake imeanza. Jibu hilo linanishangaza kila nikilisikia. Kama ulinzi unapungua kadiri ufahamu unavyokua, basi mtoto anavuliwa ulinzi pale hasa anapoanza kuelewa maana ya kudhalilishwa. Wa siku tatu hatakumbuka. Wa miaka kumi na miwili atakumbuka fimbo, atakumbuka nani alikuwa akitazama, na atakumbuka kwamba wakubwa walipiga makofi. Tumemkinga asiyeelewa, tukamwacha wazi anayeelewa.

Wajuaji zaidi, waliowahi kuusoma mkataba wa Afrika, hunitajia ibara ya 31. Ni kweli ipo, na ni mojawapo ya mambo yanayoutofautisha na ule wa Umoja wa Mataifa: inamtaja mtoto kuwa na wajibu kwa familia yake, jamii, dola na jumuiya ya kimataifa. Inamtaka afanye kazi kwa ajili ya mshikamano wa familia, awaheshimu wazazi na wakubwa wake wakati wote, na awasaidie wanapohitaji. Mimi ibara hii naipenda. Inamwona mtoto kama mtu mwenye uzito katika nyumba yake, si mgeni wa kuhudumiwa tu. Lakini isome yote. Inasema wajibu huo unategemea umri na uwezo wake, na unabanwa na mipaka iliyomo ndani ya mkataba wenyewe. Imekuja mwishoni kabisa mwa orodha, baada ya haki zote. Wala hakuna mahali, si katika ibara hiyo wala nyingine, panaposema kwamba mtoto asiyetimiza wajibu anapoteza haki. Waandishi wake hawakushindwa kuandika sentensi ya namna hiyo. Hawakuiandika.

Katiba yetu ya mwaka 1977 nayo ina ibara za wajibu, kuanzia ya 25 hadi ya 28: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulitetea taifa. Je, mtu mzima asiyefanya kazi hupoteza haki ya kuishi? Aliyeiba mali ya umma hupoteza haki ya kusikilizwa mahakamani? Hapana. Ataadhibiwa kwa mujibu wa sheria, na atabaki na haki zake hata akiwa kizimbani. Kwa mtu mzima tunajua kutenganisha kosa na haki. Kwa mtoto ujuzi huo unatutoka.

Asiyeamini kwamba unatutoka akumbuke matukio mawili. Februari 2009, mkuu wa wilaya huko Bukoba, mkoani Kagera, aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko, na askari polisi akawachapa. Sababu iliyotolewa ni matokeo mabaya ya mitihani, na kwamba walimu walikuwa wakichelewa au kutofika kazini. Nchi iliwaka. Hakuna aliyesema walimu wale watimize wajibu wao kwanza ndipo tuzungumze utu wao. Walidhalilishwa, tukaona, tukasema, na Rais Kikwete akamfuta kazi mkuu yule wa wilaya. Kisha Oktoba 2019, mkuu wa mkoa wa Mbeya aliwachapa hadharani wanafunzi wa sekondari waliotuhumiwa kuwa na simu shuleni na kuhusika na uchomaji wa mabweni. Safari hii mchapaji alipongezwa na Rais wa wakati huo.

Yaweke sambamba. Mwalimu aliyechelewa akichapwa, taifa limetukanwa. Mwanafunzi akichapwa, malezi yamefanyika. Kilichobadilika ni umri wa mchapwaji tu, na umri huo ndio ambao mikataba inasema unahitaji ulinzi zaidi. Si kwamba viboko hivyo havina hatari: katika mkoa huohuo wa Kagera, mwaka 2018, mwanafunzi wa darasa la tano aliyetuhumiwa kuiba pochi ya mwalimu alipigwa hadi akafa.

Wala kauli ya mwenyekiti haikuishia kwenye fimbo. Kwa miaka mingi binti aliyepata mimba shuleni alifukuzwa, na hoja ilikuwa hiyohiyo: alipewa haki ya elimu, akashindwa wajibu wa kujitunza, basi haki imekwisha. Juni 2017 Rais Magufuli alilitangaza jambo hilo jukwaani bila kupepesa. Mashirika ya haki yalifungua malalamiko dhidi ya Tanzania mbele ya Kamati ya Wataalamu ya Afrika ya Haki na Ustawi wa Mtoto. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba mabinti hao wataruhusiwa kurudi masomoni, na mwaka 2022 Kamati ikaamua kwamba kuwapima mimba kwa lazima na kuwafukuza kulikiuka mkataba. Wengi wao walibebeshwa mimba na watu wazima. Mkubwa alivunja wajibu, mdogo akanyang'anywa haki, na sisi tukaiita hiyo nidhamu.

Sasa nimtazame mpwa wangu tena. Alfajiri ile alikuwa akifanya nini? Alikuwa akibeba maji. Alikuwa akimsaidia mama yake wakati wa shida, yaani alikuwa akitekeleza ibara ya 31 neno kwa neno, pengine kuliko mtu yeyote katika ukumbi ule. Akafika shuleni akiwa na wajibu uliotimizwa, akachapwa kwa kutotimiza wajibu. Mwenyekiti hakuuliza. Mwalimu wa zamu hakuuliza. Hapa ndipo ninapoona ubovu wa ndani kabisa wa kauli yao: inazungumza juu ya wajibu wa mtoto bila haja ya kujua mtoto amefanya nini. "Wajibu" hapo ni jina jingine la utii, na utii maana yake ni kuwapo pale mkubwa anapotaka uwepo, saa anayotaka, hata kama mkubwa mwingine amekutuma kwingine.

Kuna pingamizi nyingine, na baadhi zina uzito kuliko kauli ya mwenyekiti. Wapo wasemao mikataba ni mambo ya Wazungu. Hao nawakumbusha viboko ishirini na tano vya Mjerumani wa enzi za ukoloni, kisha nawauliza kipi hasa kilikuja na meli. Wapo wasemao mikataba haina meno, na kwa sehemu kubwa wanasema kweli. Wapo walimu wenye wanafunzi zaidi ya mia katika chumba kimoja, wanaouliza tuwape nini badala ya fimbo, na swali lao ni zito. Wapo wazazi wanaonukuu "mchelea mwana kulia hulia mwenyewe", nami methali hiyo naikubali, ila haikutaja fimbo.

Ninapofikiri haya, hasa swali la walimu la nini badala ya fimbo, akili yangu hunipeleka Warsaw, Poland, kwa daktari mmoja aliyejulikana kwa jina la Janusz Korczak. Kuanzia mwaka 1912 aliongoza makao ya watoto yatima wa Kiyahudi katika mtaa wa Krochmalna, pamoja na mwanamke aliyeitwa Stefania Wilczyńska. Humo walianzisha mahakama ya watoto. Mahakimu walikuwa watoto wenyewe, waliopatikana kwa bahati nasibu miongoni mwa wale ambao hawakuwa na kesi wiki ile. Palikuwa na kitabu cha sheria chenye vifungu vya namba, kuanzia cha 1 hadi cha 1000, na vifungu 99 vya kwanza vyote vilikuwa vya kusamehe au kuifuta kesi: mshtakiwa hakujua, mshtakiwa alikosea bila kukusudia, mshtakiwa anajuta, mahakama haioni sababu ya kuendelea. Hukumu zenye makali zilianzia kifungu cha 100, na cha 1000, yaani kufukuzwa, kilikuwa mbali kabisa.

Kinachonivuta zaidi ni kwamba watoto waliweza kuwashtaki wakubwa. Korczak mwenyewe alieleza kwamba katika nusu mwaka alijipeleka mbele ya mahakama hiyo mara tano. Kosa mojawapo lilikuwa kumpiga mvulana kofi la sikio. Jingine lilikuwa kumshuku msichana kuwa ameiba. Mtu aliyewalisha, aliyewatibu, aliyeweza kumfukuza yeyote kati yao, alisimama mbele ya mahakimu wa umri wa mpwa wangu akangoja waamue. Na alijua kwamba watoto wana uwezo wa kuwa wakatili. Aliwahi hata kuisimamisha mahakama hiyo kwa muda ilipoharibika. Hakuwa mtu wa ndoto. Agosti 1942 Wanazi walipowapeleka watoto wake katika kambi ya Treblinka, alikwenda nao, akafa nao.

Poland ndiyo iliyopendekeza mwaka 1978 kuwe na mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, na mwaka huo ulikuwa miaka mia tangu kuzaliwa kwa Korczak kwa hesabu iliyozoeleka. Mazungumzo yalichukua zaidi ya miaka kumi. Nikiusoma mkataba huo huwa naitafuta mahakama ya Krochmalna ndani yake, nami naipata nusu tu, katika ibara ya 12: mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni asikilizwe katika mambo yanayomhusu. Asikilizwe. Haisemi kwamba mkubwa ajipeleke mbele yake kujibu. Huenda dola haziwezi kuandika jambo kama hilo. Dola hazina desturi ya kujishtaki.

Na hapo nafika mahali nisipoweza kutoka kirahisi. Mkataba ni ahadi, lakini imetolewa kwa nani? Waliotia saini ni dola, na kila dola imeziahidi dola nyingine. Mtoto hakuwapo mezani. Mpwa wangu akichapwa viboko sita, kisheria waliovunjiwa ahadi ni nchi zaidi ya 190, na hakuna hata moja itakayopiga simu kuuliza. Kamati ya Umoja wa Mataifa iliyoko Geneva, inayousimamia mkataba huo, itasoma ripoti ya serikali baada ya miaka. Imekwisha kuiambia Tanzania zaidi ya mara moja iondoe adhabu ya viboko shuleni, na kanuni za viboko bado zipo. Je, ahadi ambayo mnufaika wake hawezi kuidai ni ahadi, au ni tangazo la nia njema? Nikisema ni tangazo tu, nimempa mwenyekiti ushindi. Nikisema ni ahadi kamili, nitamdanganya mpwa wangu, maana pale getini haikumsaidia kitu.

Nikijaribu kusema kwamba ahadi hii kwa kweli ni ya kila mtu mzima kwa kila mtoto, na dola zimeiandika tu kwa niaba yetu, nakutana na ukumbi uliopiga makofi. Wale ndio watu wazima wenyewe. Serikali yao imeahidi kwa jina lao jambo wasilolikubali. Je, ahadi hiyo ni yao? Sioni njia ya kusema ndiyo bila kuwalazimisha, wala ya kusema hapana bila kumtelekeza mtoto. Wenye falsafa safi kuliko yangu huenda watalifungua fundo hili. Mimi naliacha lilivyo, kwa sharti moja: fundo hili ni la wakubwa kwa wakubwa, na mtoto hapaswi kulilipia kwa mwili wake wakati sisi tunajadiliana.

Wakati huo tunapojadiliana, sheria dhaifu tuliyonayo nayo haifuatwi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, ambazo mimi ningependa zifutwe, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe kwa makosa makubwa ya nidhamu, na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa. Katika kikao kile hakuna aliyelitaja daftari hilo, si mwenyekiti, si mwalimu mkuu, wala dada yangu.

Basi, mzazi unayesoma haya, huna haja ya kukubaliana nami kuhusu ahadi wala kuhusu Korczak. Siku ya kikao kijacho nyoosha mkono, msalimie mwenyekiti kwa heshima zake, kisha uombe daftari la adhabu lisomwe mbele ya wote. Na akikujibu kwamba haki na wajibu vinakwenda pamoja, mwambie ndiyo, na kwamba kuliandika daftari hilo ni wajibu wa shule.